Uchambuzi wa Kurasa Tatu Uliotangulia Filamu

Jumatatu, 4 Machi
Mchambuzi wa klabu yetu ya filamu amehama mji. Nafasi iko wazi! Ndiye aliyekuwa akisimama baada ya filamu ya Kifaransa na kutueleza tulichokiona. Kura ni Jumamosi. Miaka ishirini na miwili nimekuwa karani wa masjala, nikipanga mafaili ya wenzangu waliopandishwa vyeo. Safari hii ni zamu yangu. Mke wangu kanikumbusha kwamba ukumbini huwa nasinzia. Nimemwambia hufumba macho ili nisikie vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Nimesoma chambuzi zote za zamani kwenye ubao wa klabu. Siri nimeinasa. Filamu za Kifaransa za siku hizi zote ni moja: mwanamke, dirisha, bahari, upweke. Sasa ya nini kungoja? Nimeandika uchambuzi leo leo, kazini, kurasa tatu. Nikaugonga mhuri wa masjala kwa mazoea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mwerevu hutumia ufagio.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Filamu ni ya fundi bomba, saa moja na nusu ndani ya chumba cha chini ya nyumba. Mwanamke hayupo. Dirisha halipo, hata la kupitisha paka. Juu zasikika nyayo za wenye nyumba. Jamaa anakaza bomba, maji yanadondoka, anakaza tena. Nikasoma kurasa zangu hivyo hivyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akauliza ni dirisha lipi hilo. Nikajibu ni la moyo. Ukumbi ukaangua kicheko.

Kumbe shemeji, kaka yake mke wangu, yupo! Ni fundi bomba. Alikuja kuzibua choo cha ukumbi, akatazama amesimama mlangoni, spana mkononi. Akaomba kusema neno. Akasema yule jamaa hatengenezi kitu. Kila akikaza nati huilegeza kidogo, ili kesho aitwe tena kwenye nyumba yenye watu, maana kwake hakuna anayemngoja. Mwenyekiti akamuuliza amejuaje. Shemeji akasema mwaka aliofiwa na mkewe, bomba moja alilitengeneza wiki tatu.

Nami nikatoa leso, nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 8 Machi
Wanachama wameanza kumtaja shemeji kwa nafasi ile, nami nimemfuata karakanani kwake. Nimemwambia nafasi ile ina vikao vingi na makaratasi mengi, itamchosha bure. Kanishukuru kwa kumjali. Kasema hata hivyo haitaki, na atawaombea watu wanichague mimi. Nimerudi nikipiga mluzi. Mke wangu kanitazama kama anayemtazama mgonjwa.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kweli alisimama akaniombea kura. Unyenyekevu ule ndio ulionimaliza. Yeye kumi na tisa, mimi moja. Mwandiko wa ile moja naujua, ni wangu. Mke wangu alikuwa kiti cha pembeni, akikagua kucha zake.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari siku nzima, kosa nimeliona. Shemeji hanishindi akili. Kilichombeba ni kwamba filamu iliangukia kwenye kazi yake. Filamu ijayo inahusu daktari wa meno. Nimekwenda kwa jirani yetu, daktari wa meno, kuomba anitazame. Amesema meno yangu yote ni mazima. Nimemwambia achague lolote, kesho asubuhi alitoe. Uchambuzi nimeshaumaliza, kurasa nne, kuhusu maumivu. Limebaki jino tu.