Nimeikana Redio Yangu Mbele ya Kamera

Leo nimejiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Naandika haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka msinisahihishe.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mkulima wa migomba na kahawa hapa Keza, wilayani Ngara. Mnajua pia kwamba kwa miaka sita nimekuwa msikilizaji sugu wa redio ya nchi moja ya mbali, ile inayotangaza kwa Kiswahili kila jioni. Nawaandikia barua kusifia treni zao, shule zao na viongozi wao. (Treni sijawahi kupanda, hata ya hapa kwetu.) Wao wananitumia kalenda, kofia na fulana zenye bendera yao.

Saa tatu asubuhi mtendaji wa kijiji akanipigia simu.

"Baba Devota, upo nyumbani?"

"Nipo."

"Usitoke. Kuna afisa wa wilaya na wageni wawili, mmoja kavaa suti nyeusi. Wanakutafuta kwa jina. Wameshika barua zako."

Akakata.

Nikakaa chini. Hapa kwetu mpaka uko karibu, na mtu anayefuatwa na gari la serikali kwa jina lake lazima ajiulize kafanya nini. Mke wangu akanitazama usoni.

"Kwani kwenye hizo barua huwa unaandika nini?"

"Salamu."

"Salamu tu?"

"Na hali ya barabara. Na daraja lililobomoka. Na malori yanayoelekea mpakani."

Nilipojisikia nikiyasema hayo kwa sauti, nikaanza kuhesabu barua nilizotuma.

"Umekuwa mpelelezi," Mama Devota akasema taratibu, "halafu umeweka na saini."

Nikakusanya kalenda, kofia na fulana zote, nikakimbia nazo nyuma ya nyumba, nikazitumbukiza chooni. Nikarudi kukaa mlangoni kama mtu asiye na habari. (Jasho lilikuwa limeshalowesha shati mpaka kiunoni.)

Gari likafika. Afisa akatangulia, wa suti akafuata bila kusema neno, bahasha mkononi, na nyuma yao mwanamke wa kigeni mwenye kamera. Afisa akanionyesha barua.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, lakini nilikuwa nimelewa." (Mimi ni mzee wa kanisa. Pombe sijaionja.)

"Hii redio yao unaisikiliza?"

"Siisikilizi."

"Na nchi yao unaionaje?"

Hapo hofu ikanishika ulimi, ikauendesha inakotaka. "Siijui, na siipendi. Ile redio ni uongo mtupu. Hata hizo treni nadhani ni picha tu."

Yule mwanamke akaishusha kamera kidogo.

"Ndugu msikilizaji," akasema kwa Kiswahili safi, "pole kwa usumbufu."

Sauti ile naijua kuliko ya dada yangu. Ndiyo inayosoma barua zangu hewani kila jioni.

Akanieleza kwa upole. Walikuja kunirekodi ili wananchi wa kwao waone kwamba hata kijijini Ngara kuna mkulima anayeipenda nchi yao. Wa suti alikuwa wa ubalozini, na bahasha aliyoshika ilikuwa na mwaliko wa kwenda kuitembelea kwa wiki mbili.

"Tulitaka tuzione na zawadi tulizokutumia," akaongeza.

Mama Devota, ambaye uongo haumkai mdomoni, akanyoosha kidole kuelekea chooni.

Nikajaribu kuokoa jahazi. "Treni zenu ni nzuri sana, bwana mkubwa."

Wa suti akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Umesema ni picha."

Wakaaga kwa heshima zote. Walikuwa wanawahi Nemba, kule Biharamulo, kuna msikilizaji mwingine. (Namjua kwa kumsikia hewani. Barua zake fupi, hana analolijua.) Bahasha ikaondoka nao. Afisa akachelewa kidogo kupanda gari, akaniinamia sikioni: "Mimi na wewe tutaongea."

Tangu hapo sijala. Kipindi kinaanza saa moja jioni na mimi kuwasha redio siwezi. Atakayesikiliza anitumie ujumbe, na kama wamenitaja, asinicheke: aniambie tu nihamie nchi gani.