Mkoba wa Paris wa Bi Mwanamkuu

Jumatatu, 1 Julai 1968. Ng'ambo, Tabora.

Mwanne nitamuoa, potelea mbali!

Kikwazo ni shangazi yake, Bi Mwanamkuu wa Chemchem, ndiye anayepokea posa. Leo mshenga wangu amerudi na sharti: posa iambatane na mkoba wa mkononi kutoka Paris, halisi, kama ule wa Gulshan mwenye duka la vitambaa. Akiletewa bandia, mkoba na posa vyote atavirusha nje. Bibi huyu aliwahi kuuziwa bangili ya dhahabu ikamgeuza mkono kijani. Tangu hapo haamini kitu mpaka akinuse.

Paris! Mimi Lukumani, fundi viatu, ambaye safari yangu ndefu ni Nzega! Lakini hata mpinzani wangu Shaban, karani wa ushirika wa asali, hajavuka Urambo. Tuko sawa.

Jumanne, 2 Julai.

Nimeshinda dukani kwa Gulshan nikijifanya nachagua vifungo. Bi Mwanamkuu alikuwa pale akifundishwa kutambua mkoba bandia. Nikatega sikio. Gulshan alimwambia atazame mshono: wa kweli umenyooka, nyuzi zimebanana. Anuse: ngozi inukie ngozi, si gundi. Apime bizimu mkononi, iwe nzito. Mwisho apapase maandishi ya ndani: yawe yamegandamizwa kwenye ngozi, yasiwe ya wino, wala yasiwe na kosa hata la herufi moja.

Maskini Gulshan! Anadhani anamlinda mteja. Kumbe amenipa kiolezo.

Alhamisi, 4 Julai.

Mkoba umekwisha. Jamani, ni mzuri! Ngozi ya ndama nimepata kwa Jilala wa Kwihara. Bizimu nimeing'oa kwenye hatamu ya punda. Mshono nimeufumua mara tatu. Nilikuwa namfikiria Mwanne, na mkono ukakataa kulipua kazi.

Ukabaki muhuri. Mabruki, mchonga mihuri, ni mbishi wa kuzaliwa. Nilimwandikia KIMETENGENEZWA PARIS. Akagoma. Akasema hilo ni kosa, mkoba huwa umetengenezwa, haujawahi kuwa kimetengenezwa. Nikamwambia mkoba ni kitu, na kitu kimetengenezwa. Akaniuliza nilisomea wapi. Kidogo tushikane mashati! Mwisho tukaenda kwa Mwalimu Benedikta, anayefundisha watu wazima kusoma. Tukamuuliza hilo tu, ni ki au ni u. Akasema u, akatusifu kwa kuijali lugha ya taifa.

UMETENGENEZWA PARIS, UFARANSA. Hakuna kosa hata la herufi moja. Nani atanikamata?

Jumamosi, 6 Julai.

Umepita! Bi Mwanamkuu alivuta nyuzi. Akanusa mpaka akapiga chafya. Akapima bizimu. Akapapasa maandishi kwa kidole. Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, hizi nyingine hazijui. Akaridhika kwamba yamezama kwenye ngozi. Posa imepokelewa! Shaban alikuwa barazani na chupa yake ya asali, kanywea. Nikampa pole. Kwa dharau, ndiyo.

Mwanne alichungulia mlangoni, akautazama mkoba, akanitazama mimi, akatabasamu. Nilirudi Ng'ambo sijui nimepita njia gani.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba.

Balaa. Naandika kwa hasira na aibu. Zaidi aibu.

Bi Mwanamkuu alikwenda uwanjani na mkoba mkononi, akitembea nao kama bibi harusi. Mzee Omari, balozi wetu wa nyumba kumi, akauona. Akapanda juu ya kiti, akasema haya ndiyo mambo ya wanyonyaji, mikoba ya Ulaya! Akauomba, akaufungua, awasomee watu jina la bepari aliyeutengeneza. Akasoma: umetengenezwa Paris, Ufaransa. Akasoma tena, polepole.

Kisha Gulshan akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mwalimu Benedikta akanitazama, akajiziba mdomo.

Mzee Omari hakucheka. Uso ulimchanua. Akasema kumbe hii ni kazi ya fundi wetu wa hapa hapa Tabora, tena inashinda ya Ulaya, huku ndiko kujitegemea! Akataka fundi ajitokeze apigiwe makofi. Mwanne akanisogelea, akaninong'oneza kwamba mshono ule anaujua, ndio wa viatu vyake. Niseme tu ni wangu, shangazi atasamehe, naye Mwanne atautembeza mkoba huo mji mzima. Hata Bi Mwanamkuu alikuwa ananitazama, bado hajakasirika. Alikuwa ananingoja.

Nami nikasimama mbele ya umati, nikaapa kwamba Wafaransa siku hizi wanaandika Kiswahili.

Kwa nini? Sijui! Ulimi ulinitangulia. Nikaongeza kwamba lugha yetu imefika mbali. Watu walicheka mpaka ngoma ikasimama. Mwanne hakucheka. Aliuchukua mkoba, akaniwekea mikononi, akaondoka. Shangazi yake akamfuata.

Jumatano, 10 Julai.

Posa ya Shaban imepokelewa. Kapeleka mkoba wa ukili, na kasema wazi kwamba kausuka mama yake. Basi, hakuna Paris wala nini, na umependwa! Leo nimemwona Mwanne anao sokoni, nikajibanza nyuma ya magunia ya karanga. Inauma. Inauma kweli.

Lakini nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona. Kosa ni Ufaransa. Nchi ile haina uhusiano wowote na sisi, nani angesadiki? Sasa nasikia Tatu, binti wa Kwihara, anapenda vitu vya Italia. Nimeshamwagiza Mabruki muhuri mpya: UMETENGENEZWA ITALIA. Akaniuliza kama Waitaliano wanajua Kiswahili. Nikamwambia wamekaa Somalia miaka yote ile, Kiswahili kitawashindaje?