Kijiji Chetu Kuwa Mji

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Miaka kumi na mmoja napima maziwa ya wafugaji hapa kituoni. Shemeji yangu anapima maziwa ya kampuni hiyohiyo mjini, kwa mizani hiyohiyo, na mshahara wake mara mbili ya wangu. Eti yeye yuko mjini! Leo mke wangu kanipasulia: hoteli moja huko inatafuta mfuaji wa mashuka, na mfuaji anapata kuliko mimi. Nisipoongezwa mwezi huu, anaondoka.

Jumatano, 6 Machi
Dawa nimeipata! Ijumaa anakuja afisa wa halmashauri kupanga wapi ni mji, wapi ni kijiji. Kampuni hulipa kwa kufuata orodha yake. Nimemwomba fundi viatu avae tai. Kakubali, ila tai ninunue mimi. Nimechora kibao: MARUFUKU KUEGESHA GARI. Gari hatuna hata moja, lakini kibao kimependeza. Mke wangu akauliza kama nina homa.

Ijumaa, 8 Machi
Niliwapanga majirani kumi foleni mbele ya duka. Wakasimama vizuri sana. Duka lenyewe limefungwa! Afisa akauliza wanasubiri nini. Mama mmoja akajibu kwamba hajui, kaambiwa asimame tu. Nikajua nimeumbuka. Afisa akacheka hadi machozi, akasema huo ndio mji hasa, akaandika. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumanne, 26 Machi
Barua imefika. Sisi ni mji! Nikamsomea mke wangu kwa mbwembwe. Akaniambia nisiishie hapo, nisome na aya ya pili. Marufuku kufuga ng'ombe ndani ya mji. Lahaula! Ng'ombe hakuna, maziwa hakuna, kituo cha nini? Kampuni imekifunga jioni hiyohiyo. Majirani wameswaga ng'ombe wao kupita mlangoni kwangu, na salamu hawakunipa.

Jumapili, 31 Machi
Mke wangu kaondoka asubuhi. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Alisema mama yake, anayebaki nami hapa, ale mapema na nisisahau dawa zake za presha. Nimelia, sioni haya kuandika. Mama mkwe kanitazama, akasema mwanawe alionywa zamani.
Nimekaa nikatafakari kosa langu. Nimeliona: niliomba kidogo. Mji haukutosha. Jiji lina hoteli, hoteli ina mashuka, na mke wangu atafulia hapahapa nyumbani. Kesho naandika barua tupandishwe tuwe jiji.