Hotuba ya Elia wa Asubuhi kwa Wadhamini Waliomkimbia

Mkoa huu wa Manyara, ndugu zangu, ulimegwa kutoka Arusha kwa sababu ya mdomo wangu: wakubwa walikaa wakaona sauti ya mtu mmoja inabanwa mno na mipaka ya zamani, wakasema kijana huyu akatiwe mkoa wake, na makao makuu yawe Babati ili asitembee mbali kwenda kazini. (Makofi. Mtu mmoja anakohoa.)

Baada ya kuliweka hilo sawa, nazingatia itifaki. Mheshimiwa Baba Sabrina, Mmiliki wa Redio Kwaraa Juu, mwenye gesti, mwenye jenereta na mwenye ufunguo wa studio ambao tangu Jumatatu amekataa kunikabidhi. Mheshimiwa Alhaji Abdulsalam, Mwenyekiti wa Maisha wa bati, misumari na saruji, ambaye bila yeye ofisi zote za mkoa huu mpya zingenyeshewa. Mheshimiwa Mama Kindness, Mkuu wa Supu na Chapati, Kanda ya Stendi. Mheshimiwa Fundi Rogath, Kamishna wa vitanda kwa walio hai na majeneza kwa waliobaki. Mama Emerensiana, Katibu wa kikundi cha akina mama cha kuzikana. Wazee wa Maisaka, wazee wa Nangara, na wazee wa Sigino kama wapo waliokubali kuja. (Hakuna.) Wakubwa wote shikamooni, na washikaji mambo. (Marahaba za watu wanne. "Poa" ya mtu mmoja.)

Mimi, kwa jina la kipaimara Eliakunda, kwa jina la hewani Elia wa Asubuhi, msomi wa kidato cha pili mpaka katikati, Mtangazaji Mwandamizi na pia Mtangazaji Pekee wa kipindi cha Asubuhi Bila Huruma, nasimama mbele yenu stekholda wote kuzindua rasmi Mradi wa Kuomba Radhi, Awamu ya Kwanza, wenye lengo mahususi, linalopimika na lenye impakti, kwamba ifikapo Ijumaa awe amerudi mdhamini angalau mmoja, maana Mheshimiwa Mmiliki amenipa mwongozo kwa lugha nyepesi, akisema, "Elia, Ijumaa bila tangazo hata moja, kipindi nafunga na kile chumba naweka kitanda." (Baba Sabrina anatikisa kichwa kukubali.)

Kwa manufaa ya wale ambao siku hiyo betri zao zilikuwa zimekwisha, naomba nitoe usuli. Jumanne ya wiki iliyopita, kabla jua halijatoka nyuma ya mlima, Mama Dorothea wa Sigino, ambaye wengi tunamwita Mama Eustace, alifika studio kwa miguu na karatasi ya daftari, akaniamkia kana kwamba mimi ndiye mkubwa, akasema mume wake, Mzee Anselimu, amefariki, naomba mwanangu unisomee tangazo, kisha akageuka kurudi nyumbani kupokea waombolezaji. Nilisoma vizuri sana, kwa sauti ile ya chini inayolipa msiba heshima yake, mpaka nikafika pale palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa mkulima hodari. Hapo, waheshimiwa, kipaji kilinizidi nguvu. Nilisema hewani kwamba shamba la marehemu nimelipita juzi, na mahindi yake hata nguruwe pori wanayazunguka kwa huruma. Nikaongeza, bila kuombwa na mtu, kwamba wanawake wa Sigino hulia msibani kwa kupima sufuria, makande wanatoa chozi moja, pilau wanazimia. Nikacheka sana. Nikaweka muziki. (Kimya.)

Kimya hicho nakipokea kama ushirikishwaji.

Sasa tuingie kwenye takwimu. Upembuzi yakinifu, nilioufanya mwenyewe kwa kalamu ya kuazima, unaonyesha kwamba ndani ya siku nne wadhamini wa kipindi walishuka kutoka sita hadi sifuri, sawa na asilimia mia moja, kiwango ambacho hakuna chombo kingine cha habari katika mkoa huu kimewahi kukifikia, na hapo naomba mnipigie makofi kidogo. (Hawapigi.) Wa kwanza alikuwa Alhaji, ambaye hakugomba, alisimama mlangoni na kanzu yake akasema, "Kijana, tangazo langu litoe. Sitaki bati langu lisikike karibu na mdomo wako." Akafuata Mama Kindness, aliyeniwekea bakuli kama kawaida, akangoja nimalize kunywa ndipo akasema, "Supu utakunywa, Elia, wewe ni mtoto wa mtu. Ila jina la mgahawa wangu usilitaje tena." Akafuata wa saluni, akafuata wa mikate, akafuata wa baiskeli. Wa mwisho, naomba mnisamehe nikimeza mate, alikuwa Fundi Rogath. Ndugu zangu, mtu unajuaje kwamba umeharibu? Ni pale muuza majeneza, ambaye wateja wake hawasikilizi redio wala hawana pa kwenda, anapokuja kukuambia kwamba unamharibia biashara. (Kicheko. Fundi Rogath hacheki.)

Sababu za hali hii ni nyingi na zote ziko nje ya uwezo wangu. Kuna kuyumba kwa soko, kuna vuli kuchelewa, kuna uchanga wa mkoa, na kuna baadhi ya wananchi kutokuelewa utani, ambao ni mila yetu, urithi wetu, tunu yetu, kwani nani hapa hajawahi kuona watani wakifika msibani wakamsema maiti mpaka mjane mwenyewe akacheka?

(Mama Emerensiana, kutoka kiti cha nyuma: "Mtani wa nani wewe? Mtani anafika msibani, anachimba kaburi, anachota maji, ndipo anatukana. Wewe ulichota nini?")

Hoja imepokelewa, Mama.

("Na Eustace je?")

Hoja hiyo ya pili itajibiwa kwa maandishi.

("Jibu kwa mdomo, si ndio uliokuletea mkoa? Eustace yuko Magugu anafukuza ndege kwenye mpunga wa watu, ana redio yake ndogo, anakusikiliza wewe kila siku. Baba yake amezikwa yeye hayupo. Amekuja Jumapili na kandambili, anacheka njiani, hajui lolote. Mama yake mpaka leo hasemi naye. Anasema, nilimwandikia redioni, akapuuza.")

Mama, suala la Eustace ni suala mtambuka. Lina mikono mingi. Naomba turudi kwenye mradi. (Minong'ono.)

Mradi huu utatekelezwa na Kamati ya watu kumi na wawili, itakayopitia semina elekezi na wekshopu ya siku mbili kule Katesh ili kujenga uwezo wa kusikitika, kisha itaunda kamati ndogo ya sukari, kamati ndogo ya majani ya chai na kamati ndogo ya doti ya kanga, kanga yenyewe ikishachaguliwa kwa njia ya uwazi ili jina lake lisije likaleta ugomvi mwingine, halafu ujumbe mzima utaingia Sigino kwa mpangilio wa vyeo, mimi nikiwa mbele au katikati kutegemea hali ya usalama, tuketi, tunyamaze kwa muda wa kitaalamu, ndipo niseme pole. Nafurahi kuwatangazia kwamba utekelezaji hadi asubuhi hii umefikia asilimia themanini na saba. (Makofi ya mtu mmoja. Anatazamwa, anaacha.)

(Fundi Rogath: "Themanini na saba ya nini? Sigino umeshafika?")

Kimkakati, ndiyo.

("Kwa miguu?")

Kwa miguu bado. (Kicheko kirefu.)

Chekeni, ni haki yenu ya kikatiba. Sisi Redio Kwaraa Juu tunasema: Radhi kwanza, matangazo baadaye. (Hakuna anayeitikia.) Tunasema: Sigino yetu, machozi yetu. (Mama Kindness: "Kaa chini, mwanangu.") Nakaribia kukaa, Mama, nimebakiza shukrani.

Nawashukuru wajumbe wa Kamati, ambao sijawateua. Naishukuru semina, ambayo nimeitunga nikiwa nimesimama hapa. Naishukuru sukari, ambayo iko dukani bado, na kanga, ambayo naona aibu kwenda kuichagua. Namshukuru mfadhili wa mradi, ambaye hayupo, kwa kuufadhili mradi, ambao haupo. Niliondoka mara mbili kwenda Sigino, na mara zote mbili miguu ilinigeuza nikajikuta Nangara nacheza drafti. Alhaji, tangazo lako usilirudishe. Baba Sabrina, weka kitanda chako, wala usingoje Ijumaa.

Maana Mama Emerensiana ameuliza, na maandishi ya kumjibu ninayo mfukoni. Yale maneno "mkulima hodari" yalikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa wa mbele. Jumamosi, nikitafuta cha kufungia andazi, niliishika ile karatasi ya tangazo nikakuta kumbe imeandikwa pande zote mbili. Nawasomea ilivyo: "Eustace uliyeko Magugu, popote ulipo, baba yako tunamzika Alhamisi saa nane. Hatutafukia mpaka uje. Mama yako."

Walisubiri mpaka jioni, ndipo wakafukia. Eustace hakupuuza. Mimi sikugeuza karatasi.