Zamu Asiyelala wa Mama Kanyere

Wazo lilimjia Prodige akiwa Birere, mtaa wa biashara mjini Goma, mbele ya duka la nguo lililokuwa likifungwa. Mwenye duka alikuwa ametupa nje masanamu yake ya kuvalishia nguo, na moja lilikuwa bado na koti na kofia. Akapita mzee mmoja mwenye heshima zake, akalisalimu: "Jambo, papa." Sanamu halikujibu. Mzee akangoja kidogo, kisha akaondoka akinung'unika kwamba watu wa siku hizi wana maringo.

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Prodige hakucheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuoa. Baba wa mchumba wake Charline alikuwa amemwambia wazi kwamba mahari isipofika kabla ya Jumapili kuisha, binti anakwenda kwa karani wa forodha aliyekwisha kuleta mbuzi wa kwanza. Naye Prodige alimpenda Charline kweli. Huo ndio ulikuwa ukweli wake wa pekee, na aliutunza vizuri. Akayanunua masanamu yote kwa bei ya takataka.

Siku hizo mtaa wa Katoyi haukuwa na usingizi. Vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya kuta, wezi walivifunika kwa magunia wakapita. Mbwa waliwatupia nyama. Na zamu, ndivyo Goma wanavyomwita mlinzi wa nyumba, walikoroma kuliko wenye nyumba. Prodige akavalisha kila sanamu koti refu la mvua, mabuti, glavu, miwani myeusi, kofia ya kushuka hadi masikioni, na barakoa iliyobaki tangu enzi za Korona. Kisha akaanza kugonga mageti.

Wa kwanza kufungua alikuwa Mama Kanyere, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mwanamke aliyeweza kuomba apunguziwe bei hata ya kitu asichokinunua.

"Mama, zamu wako iko namna gani?"

"Analala."

"Huyu halali. Hanywi pombe, hana shemeji mwizi, hataomba mushahara. Unamukalisha ndani ya lupango, hapa uani, karibu na mulango. Mwizi anachungulia, anaona mutu, anarudia kwao."

Mama Kanyere akalizunguka sanamu, akalibonyeza tumbo. "Na hizi nguo?"

"Bei ni pamoja na byote biko juu yake."

"Byote. Asha, umesikia?"

Asha, jirani yake, mjane wa dereva wa malori, alikuwa amekwisha kusogea kuona kinachouzwa. "Nimesikia," akasema, akaagiza la kwake.

Masanamu yakaisha kabla jua halijazama. Tusimseme Prodige vibaya kabla ya wakati: kama angeishia hapo, mahari ilikuwa imekaribia kutimia, na kilichopungua angeweza kukikopa. Lakini alipokuwa akimkalisha zamu kwenye kiti, jicho lake lilipenya sebuleni mwa Mama Kanyere, likaona marobota ya vitenge yamepangwa mpaka darini. Tangu hapo jicho lilibaki kule kule na mwenyewe hakupata amani.

Jumamosi akarudi. "Mama, zamu wako anayumba. Naenda kumutengeneza. Kesho asubui mwenzangu Jumaine atamurudisha, mbele ya ninyi kwenda ku misa."

Mama Kanyere akakubali. Jumaine alikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba nusu ya mizigo ya Goma, na mpango wao ulikuwa mwepesi. Prodige mwenyewe angevaa nguo za zamu, aletwe na kukalishwa ndani. Familia ikienda kanisani, amfungulie Jumaine, na vitenge vitoke. Pesa zote za masanamu alizitia katika bahasha, bahasha akaificha ndani ya buti la kushoto. Aliyajua mno mambo ya nyumba za watu hata akashindwa kuacha pesa katika nyumba yoyote, yake ikiwemo.

Basi Jumapili asubuhi akafungwa turubai, akalazwa juu ya chukudu, na mawe ya volkano yakamhesabia mifupa mpaka Katoyi. Hakuguna hata mara moja. Kazi ni kazi.

"Amekuwa muzito," akasema Mama Kanyere, akimsaidia Jumaine kulikalisha sanamu lake.

"Nimemutia mawe, mama. Upepo usimuangushe." Jumaine akaaga, akaenda kungoja nyuma ya kona.

Prodige akakaa. Nzi akamtua shingoni, akamvumilia. Alingoja kusikia geti likifungwa, lakini badala yake akasikia Mama Kanyere akimwita Asha aje amwone zamu aliyepona. Wanawake wawili wakavuta viti, wakaketi mbele yake.

"Wangu jana wezi wamemuvua koti," akasema Asha. "Akawaangalia tu."

Walicheka. Kupitia miwani yake myeusi Prodige alimwona Mama Kanyere akimtazama shingoni, pale jasho lilipokuwa likishuka, na akamtazama kwa muda mrefu.

"Asha, bwana yangu Evariste anaendaka ku soko ya Kituku kurangua samaki za kuuzisha, kandambili tu mu miguu. Haya mabuti si ni yangu?"

"Ni yako. Nilisikia."

Mama Kanyere akainama, akashika buti la kushoto.

Hebu fikirieni hali ya mtu huyu. Akitamka neno moja, ni mwizi aliyekamatwa ndani ya ua wa watu, na Katoyi ya siku hizo haikuwa na subira na mwizi. Akinyamaza, Charline anakwenda kwa karani. Akafanya jambo moja tu ambalo sanamu linaweza kufanya bila kuonekana: akakunja vidole vya mguu, akalishika buti kwa nguvu zote.

"Linakataa," akasema Mama Kanyere, akihema.

"Vuta, nakusaidia."

Buti likatoka, na bahasha ikaanguka chini. Prodige akaona mahari yake ikiokotwa, ikifunguliwa, ikifungwa tena. Moyo ulimuuma kweli. Chozi likapita chini ya miwani, likalowesha barakoa.

"Asha, ona. Analia."

"Labda ni mvua," akasema Asha. Jua lilikuwa linawaka.

Mama Kanyere akasogeza mdomo sikioni kwa zamu wake. "Prodige. Hizi franga ni za nini?"

"Za mahari, mama," sanamu likajibu.

"Ya nani?"

"Ya Charline, mutoto wa Muzee Kambere."

"Sikiya sasa. Siye tunaenda ku misa. Bahasha naenda nayo. Tukirudia, kama kitenge kimoja, kikwembe kimoja tu, kimekosekana, naita quartier yote, mutaa muzima. Kama byote biko, tutaongea ya Charline."

Akamvua na buti la pili. Asha, ambaye ni Mwislamu wa kuzaliwa na hajawahi kukanyaga kanisa, akasema kwamba naye anakwenda misa. Prodige alikuwa amechanganyikiwa mno, hakulitilia maanani neno hilo. Geti likafungwa.

Haikupita muda, mluzi ukasikika nje. Prodige hakujibu. Mluzi ukarudiwa. Mwishowe gunia likatupwa juu ya vipande vya chupa, na kichwa cha Jumaine kikachomoza ukutani. Prodige akasimama pekupeku, akaokota jiwe, akarusha. Likampita Jumaine sikioni.

"Prodige, ni miye."

"Najua," akasema Prodige, akaokota la pili.

"Uko na wazimu? Bikwembe biko wapi?"

"Biko mu nyumba, na bitabaki mule. Shuka."

La pili likampata begani. Jumaine akaangukia nje, miguuni pa Mama Kanyere, Asha, na kila mtu wa Katoyi aliyenunua sanamu. Wanawake wawili walikuwa wamewaita tangu geti lilipofungwa, wakajificha wote nyumbani kwa Asha, na Jumaine alipopanda wakajipanga chini ya ukuta.

Geti likafunguliwa. Kila mnunuzi akachukua chake katika bahasha, na bahasha ikabaki tupu. Jumaine akaamriwa kupakia masanamu yote juu ya chukudu na kuyaondoa mtaani, naye akaenda akilishika bega, bila kumtazama rafiki yake.

Prodige alikuwa amekaa tena kwenye kiti chake. "Na Charline, mama?" akauliza. Sauti yake haikuwa na ujanja wowote uliobaki.

Mama Kanyere akaingia ndani, akayapitia marobota yake moja moja, akarudi. "Muzee Kambere ni wa kwetu Butembo. Leo mangaribi nitaenda kumuomba akungoje. Miye, hawezi kunikatalia."

"Utamuambia nini?"

"Kwamba uko na kazi: uko zamu wangu." Akamtia filimbi mkononi. "Kesho uje mapema. Na ulete mabuti yako. Haya, Evariste amekwisha kuyavaa."