Kofia Nyeupe ya Mradi

Mdomo alisikia habari redioni asubuhi, akiwa amekaa kitandani katika chumba cha uani kwa mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi aondoke na mabegi yake. Binti yake, mke wa Mdomo, angebaki. Mtangazaji alisema taifa kubwa lililozoea kuikopesha nchi limefunga mkoba, na kesho kamati ya Bunge itakagua kiwanda cha saruji ambacho, kwa mujibu wa Mpango wa Maendeleo, kilikwisha kujengwa. Mji mzima ulikijua kiwanja hicho. Mbuzi walichungwa pale.

"Mke wangu, tunahama," Mdomo akasema, akifunga tai.

Matapeli wengi hutafuta mtu mwenye tamaa. Mdomo alipenda mwenye hofu, maana huyo hana muda wa kuomba punguzo. Asubuhi hiyohiyo akawa mbele ya Mkurugenzi wa Mipango.

"Mzee, dunia imegeuka. Wakubwa wa zamani wamechoka, wameinuka wapya, na mimi ninaye mwekezaji wao. Kesho anasimama mbele ya kamati, anaahidi kiwanda kikubwa zaidi. Nani atakumbuka kuuliza kile cha kwanza?"

"Anatoka nchi gani hasa?"

"Mzee, hayo ni mambo nyeti."

Mkurugenzi akatabasamu. "Malipo yako kamati ikishaondoka. Ila mtu kama wewe hawezi kusimama pale bila cheo." Akafungua kabati, akatoa kofia ngumu nyeupe, akaipangusa vumbi. "Wewe sasa ndiye Msimamizi Mkuu wa Mradi."

Tumwonee huruma jamani. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumwita mkuu wa chochote. Kichwa kilimvimba mpaka kofia ikambana.

Mwekezaji alikuwa shemeji yake, kinyozi. "Sasa nitaongea lugha gani?" aliuliza, akijibana ndani ya suti ya kuazima.

"Yoyote wasiyoijua. Mimi natafsiri."

Kesho yake maofisa wote walifika kiwanjani na kofia za njano. Nyeupe ilikuwa moja tu, na Mdomo akaona fahari. Pale ofisini hata mfagizi alijua kwamba mwenye kofia nyeupe ndiye anayejibu maswali, ndiyo maana ilikuwa imelala kabatini tangu mradi uanze. Mdomo hakuambiwa, wala hakuuliza.

Mwenyekiti wa kamati, mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, alishuka garini. "Kofia nyeupe ni nani?"

Maofisa wakarudi nyuma, Mdomo akabaki mbele peke yake.

"Kiwanda kiko wapi?"

"Mheshimiwa, mgeni wetu hapa..."

"Nimekuuliza wewe."

Mdomo akamgeukia Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anawatazama mbuzi kwa masikitiko makubwa. Mdomo akapiga hesabu. Akisema mwekezaji ni kinyozi, amejifunga mwenyewe. Akinyamaza, amekubali kwamba kameza kiwanda kizima.

"Mama, mimi nimeanza kazi jana!"

"Kila tunayemuuliza ameanza jana."

Kinyozi akaona amwokoe shemeji yake. "Shubala kim! Kim tolo!" akapaza sauti, mikono juu.

Mdomo alifumbua kinywa atafsiri, lakini Mkurugenzi akamwahi. "Mgeni anasema kwao msimamizi wa namna hii hukamatwa papo hapo."

Kamati ikapiga makofi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mgeni pasipoti; nani alitaka kuwaudhi wakubwa wapya? Askari wakamshika Mdomo mkono, na mwekezaji akafunguliwa mlango wa gari la Mkurugenzi. Kinyozi alichungulia dirishani, roho ikimuuma kweli.

"Shemeji, nimwambie dada nini?"

Mkurugenzi hakushtuka hata kidogo kusikia mwekezaji akiongea Kiswahili. "Mwambie mumewe ameitumikia nchi," akasema, akapandisha kioo.

Jioni redio ilitangaza kwamba hatimaye serikali imewajibika. Mama mkwe akaongeza sauti, akaenda chumba cha uani, akaanza kutoa mabegi.