Siku Adhimu ya Nyuki

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kwa mfuga nyuki unakofanya kazi. Baba yako hajambo, isipokuwa goti. Bibi yako hajambo na bado anagombana na redio. Shangazi yako hajambo, amerudiana na mumewe, usiniulize. Mdogo wako hajambo, viatu vimeanza kumbana. Mimi nami sijambo, ila roho haijatulia. Unakula? Ule wavu wa usoni unauvaa?

Ukwaju wa kilimani ndio unaotulisha, unajua mwenyewe. Mwaka jana maua yalianguka matupu, hata ukwaju mmoja haukushika, ukatuambia nyuki ndio wameisha, limebaki kundi moja tu ndani ya shina la mkwaju wa uwanjani. Basi juzi akaja mkubwa wa mazingira kutuzindulia mradi wa nyuki. Shule yangu unajua iliishia wapi, lakini masikio ninayo. Hotuba yake nakupa yote:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu wa Mheshimiwa Mwenyekiti, wake wa waheshimiwa, wataalamu wenye shahada, wataalamu wanaozitafuta, vyombo vya habari, na ninyi wananchi mlioko juani, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Waliopiga ni wale wa kwenye hema.) Ndugu zangu, katika muktadha wa ikolojia shirikishi, na kwa kuzingatia mpango mkakati ambao mimi mwenyewe, kwa unyenyekevu wangu unaofahamika hadi ng'ambo, niliuasisi kwenye semina ya siku tisa hotelini, ninayo furaha kuwataarifu kwamba ua haliwezi kuwa tunda bila mdau wa usafirishaji wa chavua, yaani nyuki, ambaye huchukua unga wa ua hili akaupeleka kwa ua lile, bila posho! (Vicheko. Bibi yako: 'Mwigeni basi!') Takwimu zetu zinaonyesha kwamba uchavushaji utapanda hadi asilimia mia moja na arobaini, maana yake kila ua litazaa tunda moja na kipande cha jingine. (Mwalimu wa hesabu akainamisha kichwa.) Na mizinga hii ishirini mnayoiona mbele yenu, yenye rangi ya njano inayovutia wawekezaji, ndiyo utekelezaji wenyewe! (Vigelegele. Shangazi yako naye yumo, sijui nani alimtuma. Bibi yako akasimama: 'Mwanangu, mbona sisikii mlio? Nyuki wenyewe wako wapi?')

Bibi, swali zuri sana, na lipo kwenye mchakato. Awamu ya kwanza ni mizinga, awamu ya pili ni kikao, awamu ya tatu ni tathmini ya kikao, na nyuki wataingia awamu ya nne, bajeti ikiruhusu. Na kwa upande wa usalama, niwapongeze vijana wetu wa afya, ambao leo alfajiri waliupulizia dawa mkwaju huu ulio nyuma ya hema, hadi ndani ya shina, ili mdudu yeyote asije akamuuma mgeni rasmi katika siku hii adhimu ya nyuki! (Hapo ndipo nilipotazama chini. Muda wote nilidhani nimekanyaga makapi.)

Nyuki hoyee! (Mwenyekiti peke yake: 'Hoyee!') Ua moja, tunda moja! Kwa kumalizia, namshukuru fundi seremala kwa kutuazima masanduku haya, ambayo ni makabati ya jikoni ya mteja wake na yanarudi leo saa kumi, hivyo wapiga picha mfanye haraka; nawashukuru wafadhili, ambao tukiwapata tutawaandikia mradi; na nakushukuru wewe mwananchi kwa subira yako. Asanteni kwa kunisikiliza!"

Saa kumi kweli makabati yakapakiwa kwenye mkokoteni. Bibi yako alichukua ufagio akawazoa nyuki.

Mikwaju ya kilimani imechanua jana. Baba yako amepanda na unyoya wa kuku, anagusa ua hili, anagusa lile, na goti hilohilo. Tangu asubuhi amemaliza tawi moja, na kushuka hataki. Mwanangu, mwombe huyo mfuga nyuki mzinga mmoja tu, hata usiwe na rangi, bora ndani mna kitu. Maua hayasubiri. Nijibu upesi, nipate la kumwambia ashuke.

Mama yako